Jaketi okozi la mtoto wangu liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, na manahodha wa boti ndogo za kutembeza wageni, na wote wenye dhamana ya usalama wa majini. Mimi ni fundi cherehani wa Kihonda, Morogoro. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mtoto akiingia mlangoni kwangu, kabla hajataja jina nimeshajua kifua chake ni inchi ngapi na sketi yake itahitaji kupandishwa wapi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ninayotaka kuyasema yanahusu vipimo vya watoto, na majaketi okozi wanayovalishwa kwenye boti ili waelee wakianguka majini.

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, tuliwapeleka watoto wetu Unguja. Tuko watano: mimi, baba watoto, kifungua mimba wetu wa kiume mwenye miaka 8, binti wa katikati wa miaka 5, na kitinda mimba aliyetimiza miaka 2 mwezi Machi. Fedha zilitoka kwenye mchezo wa upatu wa kina mama wa mtaani kwetu. Zamu yangu iliangukia Mei, nami kwa mara ya kwanza sikununua kitambaa wala sikumalizia ukuta. Nilisema safari hii fedha inakwenda kwa watoto, waione bahari.

Majirani walinishangaa. Wapo walioniambia Zanzibar ni ya wazungu, mtu wa kawaida akienda huko anakwenda msibani au kwenye semina. Mawazo hayo siyakubali, na ningependa familia nyingi za bara ziyaache. Sisi tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida kabisa, tulikula walichokula wenyeji, tulipanda daladala, na watoto wangu watakuja kuwasimulia wajukuu zao.

Tulitoka Morogoro na treni ya SGR ya asubuhi, tukachukua bajaji mbili hadi bandarini Dar es Salaam, tukapanda boti ya mwendokasi. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, na mkondo wa Unguja ulikuwa umechafuka. Wahudumu walipita na mifuko ya kutapikia na binti yangu aliitumia miwili. Kwenye boti hiyo nilimwuliza mhudumu kijana majaketi okozi ya watoto yako wapi. Alinionyesha kabati, akafungua mlango, nikayaona madogo yamepangwa peke yake. Nilimshukuru, nikarudi kukaa na roho imetulia. Nadhani ndiyo maana baadaye nilishikwa nikiwa sijajiandaa.

Siku nne za mwanzo tulikuwa Jambiani, upande wa mashariki. Naomba niziseme kidogo, maana nisingependa barua hii imtishe mzazi abaki nyumbani.

Upande ule bahari inaondoka. Asubuhi ya kwanza watoto walikimbilia pwani wakakuta maji hayapo. Kumebaki mchanga mweupe, nyasi za baharini na vidimbwi hadi kule mbali kwenye mwamba, mahali mawimbi yanapovunjikia. Kifungua mimba alirudi mbio kuniambia bahari imekauka. Bibi mwenye nyumba tuliyofikia alicheka sana, akamwambia, "Haijakauka mjukuu wangu, imekupwa. Ikishapumzika itarudi." Kisha akamfundisha kusoma maji. Alimwonyesha kigingi kimoja cha shamba la mwani akamwambia maji yakifika pale, kila mtoto ageuke arudi, asisubiri kuitwa. Akamweleza kwamba saa za maji zinasogea, leo yakijaa saa 6 mchana kesho yatajaa karibu saa 7, na kwamba siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanatoka mbali sana na yanarudi na nguvu. Huko kwenye bamvua maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, yaani zaidi ya urefu wa nyumba yangu ya kupanga. Mwanangu alishika somo lile kuliko hesabu za shule. Kila baada ya muda alikuwa anakitazama kile kigingi.

Walicheza siku nzima humo vidimbwini. Waliona kiti cha pweza chekundu, waliona jongoo bahari, waliwafuata kina mama wa mwani wakifunga vipande vidogo vidogo kwenye kamba, kazi iliyoingia vijiji vile mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwapa wanawake wengi fedha yao wenyewe. Niliwaangalia wale mama wakifunga vile vifundo wameinama majini, mikono inakwenda haraka kama ya mtu anayeshona pindo, nikajisikia niko na mafundi wenzangu. Siku ya tatu mkubwa alikanyaga yule mnyama mweusi wa miiba, miiba minne ikaingia kisiginoni. Bibi alikata papai bichi, akaupaka ule utomvu mweupe juu ya miiba, akamwambia akae atulie. Jioni alikuwa anacheza mpira.

Basi mwambao ule, pamoja na miiba yake, ulikuwa na mtu mzima anayejua hatari iko wapi na ametengeneza njia ya mtoto kuiepuka. Hilo ndilo nililolikosa siku mbili baadaye.

Siku mbili za mwisho tulikuwa mjini. Jioni tulikula urojo Forodhani, watoto wakagombania bajia. Binti alitaka kujua nani kaivunja Beit al-Ajaib, maana aliliona jengo limezungushiwa uzio, nikamweleza kwamba sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na mafundi wanalishughulikia. Asubuhi yake tukaamua kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe.

Tulipanda boti ya mbao yenye turubai juu na mashine nyuma, ya kuchukua watu kumi na wawili hivi. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye adabu, na kijana mmoja msaidizi. Alitoa majaketi okozi ya rangi ya chungwa kutoka chini ya benchi akagawa kwa kila mtu, na hilo nampa heshima yake. Lakini yote yalikuwa ya saizi moja. Nilimwambia, "Kaka, la mtoto liko wapi?" Akanijibu, "Ni hilo hilo dada, lifunge barabara tu."

Nililifunga. Nilimvalisha binti yangu jaketi la mtu mzima, nikavuta mikanda ya kifuani hadi mwisho, nikaizungusha mgongoni nikaifunga tena mbele mara mbili. Kwa macho ya fundi niliona kabisa kwamba halijamkaa. Mabega ya jaketi yalikuwa yamefika masikioni, kwapa ziliacha nafasi ya kupitisha kichwa cha mtoto mwingine, na chini lilimfikia magotini. Mteja akinijia na gauni lililomkaa hivyo nisingempokea hela yake. Lakini mashine ilikuwa imeshawashwa, abiria wengine wamekaa, wageni wawili wa Ulaya na mtoto wao wamevaa vile vile, nami nikanyamaza. Kitinda mimba nilimpakata. Yeye hakupata chochote, kwa kuwa hakuna namna ya kumfunga mtoto wa miaka 2 kwenye kitu kile.

Kutoka ufukweni Shangani hadi Changuu hata nusu saa haiishi. Kwenda tulisukumwa na upepo, watoto walifurahi. Tulipofika, nahodha aligeuza boti kinyumenyume ufukweni, akashusha ngazi ya vipandio vitatu. Baba watoto alitangulia na mkubwa, maji yakamfika kiunoni. Binti akafuata. Akiwa kwenye kipandio cha pili wimbi likainua boti, mkono ukateleza, akaanguka.

Nilisikia mlio mmoja tu wa maji. Jaketi likapanda juu, mtoto akashuka chini. Niliona mikono miwili imenyooka juu, kama mtoto anayevuliwa fulana wakati wa kuogeshwa, halafu sikuiona tena. Yule kijana msaidizi aliruka na nguo zake, akazamisha mkono, akamshika binti yangu juu ya kiwiko, akamnyanyua. Sidhani kama zilipita sekunde tano. Alikohoa, akatapika maji, akalia, na sijawahi kufurahia kilio kama nilivyokifurahia kile. Lile jaketi lilikuwa linaelea peke yake kando ya boti. Mikanda yake ilikuwa bado imefungwa. Mafundo yangu yote mawili yalikuwa salama salimini.

Nimeliona jaketi lile usiku mwingi tangu siku hiyo.

Watoto wana moyo wao. Baada ya nusu saa binti alikuwa anamlisha kobe majani, kobe ananyoosha shingo yake ndefu yenye makunyanzi, na yeye anacheka. Kobe wale mababu zao waliletwa kutoka Aldabra, katika visiwa vya Shelisheli, mwaka 1919, na wengine wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, umepita miaka mia moja. Mkubwa alisoma zile namba moja moja. Baba yao alimwonyesha jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kufungwa mfungwa, likaja kuwa mahali pa karantini ya wasafiri. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mti nimempakata mdogo, nawaza kitu kimoja. Hapa ni kisiwani. Kurudi ni kwa boti ile ile, na sasa upepo utakuwa unatupiga usoni.

Nilichofanya ni hiki. Nilivua kanga yangu, nikaipitisha katikati ya mapaja ya binti, nikaifunga nyuma kwenye pindo la chini la jaketi na mbele kwenye mkanda wa kiunoni, nikaikaza. Nikamwambia baba yake amshike jaketi mabegani amnyanyue. Mara hii jaketi halikupanda, alinyanyuka nalo. Tulirudi hivyo, tumelowa wote kwa maji ya mawimbi, na nahodha hakuacha kuiangalia ile kanga njia nzima.

Tafadhali mzazi usiichukue kanga kuwa ndiyo dawa. Ilikuwa hila ya kutuvusha siku ile, na bado mdogo wangu alivuka bila kitu. Nimeieleza ili ionekane kinachokosekana ni nini.

Naomba nieleze kama fundi. Wasiofanya kazi hii hudhani nguo ya mtoto ni nguo ya mtu mzima iliyopunguzwa. Si hivyo. Mtoto wa miaka 2 urefu wake ni kama vichwa vitano. Mtu mzima ni vichwa saba na nusu hivi. Ndiyo maana gauni la mtoto mdogo tunalikata shingo na kuliwekea kifungo nyuma, la sivyo kichwa hakipiti hata kama kifua kimemtosha. Mtoto ana kichwa kikubwa na kizito, shingo laini, mabega membamba, na hana kiuno wala nyonga za kuzuia kitu kisipande. Ukimtia majini, kile kichwa kinamvuta mbele, uso unaangalia chini. Kwa hiyo jaketi lake linatakiwa liwe na mambo matatu ambayo la mtu mzima linaweza kuwa halina: kola nene nyuma ya shingo ya kumgeuza uso juu, mkanda wa kupita katikati ya mapaja usioruhusu jaketi kuvuka kichwa, na mshikio mgongoni wa kumnyakulia. Na lichaguliwe kwa uzito wake. La kilo 12 si la kilo 25, na hakuna kusema tununue kubwa atakulia humo, kama tunavyofanya kwa sare.

Nilipomsimulia kaka yangu, ambaye ni baharia wa miaka mingi, alinieleza kwamba dunia ililijua hili zamani. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule wa SOLAS ulioanza mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, unazitaka meli za abiria ziwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya abiria, au zaidi ya hapo hadi kila mtoto apate lake. Vichanga nao wana hesabu yao, asilimia 2.5 kwa safari zisizofika saa 24. Meli ya abiria 200 ni majaketi 20 ya watoto na 5 ya vichanga kwa uchache. Mkataba huo ni wa meli kubwa za safari za kimataifa, haukumwandikia nahodha wa boti ya mbao ya watu kumi na wawili. Lakini maji anayozamia mtoto wa boti ndogo ni maji yale yale, na huko kwenye boti ndogo ndiko mtoto anakopandia na kushukia mikononi, kwenye ngazi inayoyumba.

Tarehe 25 Julai ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kwa ajili ya kuzuia watu kuzama. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka huo wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Umri wa kitinda mimba wangu, huyo niliyemvusha mikononi.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, Ndugu Mhariri. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, nilikuwa mwanafunzi wa darasa la pili. Nakumbuka mji ulivyonyamaza, nakumbuka mama alivyokuwa anakwenda msiba baada ya msiba, na nakumbuka makaburi ya Igoma. Tangu hapo mama hakuturuhusu hata kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa ufukweni. Imekuja ajali ya meli ya Spice Islander Septemba 2011 huko Nungwi, ikaja Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, ikaja MV Nyerere Septemba 2018 pale Ukara. Kila mara tulilia sote, bara na visiwani. Mimi sitaki watoto wangu warithi woga wa mama yangu, kukaa nchi yenye bahari na maziwa makubwa namna hii na wasiyaguse maji. Nataka wapande boti, ila wapande wamevaa kinachowafaa.

Nirudi kwa nahodha. Tuliposhuka Shangani hakuondoka. Alikuja, akamshika binti kichwani, akamwambia, "Pole mwanangu." Akanigeukia akaomba radhi, na radhi yake ilitoka moyoni. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii. "Dada, haya ya watoto yenye mkanda wa huku chini, yanauzwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kulitafuta. Siku iliyofuata, tukiwa Dar es Salaam tukisubiri treni ya jioni, nilimwacha baba watoto stesheni nikaingia Kariakoo. Nilizunguka maduka ya vifaa vya uvuvi na ya vifaa vya michezo kwa saa mbili. Nilikuta majaketi ya watu wazima tele. Ya watoto nilikuta yale ya kupuliza kwa mdomo, ya kuvaa mikononi, yenye picha za samaki, na kwenye pakiti yenyewe imeandikwa kwamba si kifaa cha kuokolea maisha. Duka moja walikuwa na dogo moja lenye kola, lakini halikuwa na mkanda wa mapajani wala maandishi ya uzito. Mwenye duka aliniambia hayaulizwi. Nahodha hajui yanauzwa wapi, mwenye duka anasema hayaulizwi, na mtoto yuko katikati yao.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwetu wazazi. Tuyaulize. Kabla ya kulipa nauli ya boti ndogo, iwe ni Changuu, Mnemba, Mbudya, Bongoyo au kisiwa chochote ziwani, mzazi aseme ana mtoto wa kilo kadhaa, jaketi lake liko wapi, alione, amvalishe mwenyewe, amnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, asipande nalo. Mimi nilinyamaza kwa kuwaonea haya abiria waliokaa. Natamani ningeuliza mara ya pili.

Ombi la pili ni kwa manahodha na vyama vyao. Najua kipato chao, najua boti moja haibebi watoto kila siku, na kumwambia kila mmoja anunue saizi tatu ni kumbebesha mzigo ambao atautupa. Lakini boti zinatoka ufuko mmoja. Sanduku moja la pamoja pale ufukweni, lenye majaketi kumi na tano ya saizi tatu, lingetosha boti zote za asubuhi. Nahodha mwenye mtoto aazime, aandike kwenye daftari, akirudi arudishe, yaanikwe kivulini. Kina mama wa mtaani kwetu tunaazimana masufuria makubwa na viti vya shughuli kwa utaratibu huo huo na havipotei.

La tatu ni kwa wenye mamlaka ya kukagua vyombo vidogo, bara na visiwani. Ukaguzi usihesabu tu idadi ya majaketi na idadi ya viti. Boti tuliyopanda ingehesabiwa ingepita, kila kiti kilikuwa na jaketi lake. Uulizwe pia ukubwa. Chombo kisicho na la mtoto kisibebe mtoto, na iandikwe hivyo ubavuni ili mzazi asome kabla hajapanda.

Na la mwisho linatuhusu mafundi. Nimelichora jaketi hili kwenye karatasi ya kukatia, saizi tatu. Kushona naweza, mafundi wengi wa nchi hii wanaweza. Ni mishono ya mkoba wa shule, mikanda mipana, uzi mnene wa nailoni. Nisichoweza ni kujua kama sponji nitakayoweka itamwinua mtoto wa kilo 17 na kumgeuza uso juu, na kama itafanya hivyo baada ya mwaka mzima wa jua na chumvi. Kitu cha kuokoa roho hakishonwi kwa kukisia. Kama wapo wataalamu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au wa Shirika la Viwango, TBS, wanaoweza kulipima jaketi kama hili kwenye maji na kulipa alama, mimi na cherehani yangu tupo, na nitawaletea michoro bila malipo.

Nahodha yule ana namba yangu ya simu. Siku ile pale Shangani, kabla hatujaagana, nilitoa futi yangu kwenye pochi nikawapima wanangu watatu mchangani, naye akaandika nyuma ya kitabu chake cha risiti. Mkubwa kifua inchi 25, kilo 25. Binti kifua inchi 22, kilo 17. Mdogo kifua inchi 20, kilo 12. Alinisomea tena ili asikosee. Nimemwambia tutarudi Desemba, na kwamba nitapiga simu kwanza.

Mama wa watoto watatu,
Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro.